Tuta la Mama Wachuka

Wariara alikuwa ameketi nyuma ya kibanda cha kukamulia ng'ombe huko Ndabibi, miguu ameinyoosha, karai katikati ya magoti, akipukuchua mahindi. Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, kabla ya mvua. Wangare jirani yake akaja na sufuria ya kuazima, na pamoja na sufuria akaleta uvumi. Alisema kuna mtu wa Nakuru, mrefu, anavaa kaptura na tai kwa pamoja, anazunguka mashambani na bati la kijani begani. Ndani ya hilo bati anabeba watu.

"Watu wazima?" Wariara akauliza.

"Wazima, watoto, yeye hachagui."

"Bati lenyewe likoje?"

Wangare akaonyesha kwa mikono. Lilikuwa kama mkate.

"Sasa hapo hata kuku anaingiaje?" Wariara akacheka, Wangare naye akacheka, wakaongea mambo ya maziwa.

Lakini uvumi haukwenda na Wangare. Ulibaki pale kando ya karai. Wariara alipoinuka kwenda kuteka maji uliinuka naye, na alipokoroga uji ulikuwa upande wa pili wa moto. Usiku ule alilifunga pindo la gauni la mtoto wake kwenye leso yake mwenyewe, mafundo mawili, ndipo akalala. Mtoto alikuwa mmoja tu, msichana, jina Wachuka, ameanza kung'oka meno ya mbele.

Mimi nawaambia tangu mwanzo, ili msisumbuke: uvumi huo ulikuwa uongo. Ulikuja kuwa kweli baadaye.

Mtu mwenye bati alikuwako. Aliitwa Hezekiah Kosgei, na bati lilikuwa la kuwekea majani na maua yasinyauke njiani. Alikuwa mkusanyaji wa mimea wa bustani moja ya serikali iliyokuwa juu ya mji wa Nakuru, chini ya Menengai. Alipotoka vitani Burma alipewa kazi hapo ya kumwagilia maji. Baadaye akapewa kupanda, baadaye kukata matawi, na mwishowe Mzungu wa bustani akaona kwamba kila kitu kinachoguswa na huyu mtu kinashika mizizi, akampa gari, dereva na bati, akamwambia aende alete.

Hezekiah hakuwa mtu mnyenyekevu. Alipaka nywele mafuta, alivuta soksi mpaka magotini, na tai yake aliifunga hata akienda kuchimba kwenye tope. Mke wake Chepkurui alisema tai hiyo inaijua misitu ya Mau kuliko wawindaji. Watu aliongea nao Kiswahili, Mzungu Kiingereza, na mimea aliiongelesha Kinandi, kwa sababu, alisema, mambo ya siri huongewa kwa lugha ya mama.

Kazi yake aliifanya kwa namna yake. Wakusanyaji wengine hung'oa mmea, wakaukung'uta udongo, wakafunga mizizi kwa gunia bichi. Hezekiah hakukung'uta kitu. Alianza mbali na shina, akachimba duara, akashuka polepole akipitisha sepetu chini kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Mmea ulitoka na udongo wake wote, na nyasi zake, na siafu wake. Alisema ukiinuliwa hivyo hauna habari kwamba umehama.

Na kweli haukuwa na habari. Mianzi aliyoitoa Mau ilikuja na ukungu wake, ukakaa juu ya tuta kutoka asubuhi mpaka jioni, na wake za wafanyakazi walipeleka nguo pale zipate unyevu kabla ya kupigwa pasi. Shubiri za Baringo zilikuja na jua lao. Mwezi wa Julai, Nakuru ikiwa baridi, mlinzi alilala katikati ya shubiri bila blanketi. Mafunjo ya Naivasha yalikuja na mngurumo wa kiboko. Kiboko mwenyewe hakuwako, ni mngurumo tu, kila jioni wakati wa habari za redio. Mzungu wa bustani alilalamika kidogo, halafu akahamishia redio chumba cha nyuma.

Huyo Mzungu wafanyakazi walimwita Bwana Majani. Hakuwa mbaya. Alipenda mimea kama vile wengine wanavyopenda farasi. Kila mmea ulipofika aliuandikia kibati cha jina: juu jina la Kilatini, katikati mahali ulipotoka, chini jina la aliyeugundua, ambalo lilikuwa jina lake yeye Bwana Majani. Hezekiah alikitazama kila kibati kipya, akarekebisha tai, akaenda kula.

Basi siku moja gari la bustani likafika Ndabibi. Mwenye shamba, akiwa juu ya farasi, aliulizwa kama mimea inaweza kuchukuliwa, akapunga mkono kumaanisha wachukue wanachotaka. Familia za maskwota zilizokaa katika shamba hilo tangu wakati wa babu zao hazikuulizwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna la kuwauliza.

Nyuma ya nyumba ya Wariara kulikuwa na kichaka chenye maua meupe, koo jekundu. Chini ya kichaka hicho nyanya wa Wachuka alizika kitovu cha mtoto wiki aliyozaliwa. Nyanya alikuwa amekufa, kwa hivyo mahali hapo palijulikana na mtu mmoja tu, mama. Na mahali pa kitovu hapasemwi. Mwenye kupasema amempa kila mwenye nia mbaya mlango wa mtoto wake.

Wariara aliliona bati kwanza, mtu baadaye. Akamwambia Wachuka aingie ndani, akae chini ya kitanda.

"Hamjambo, mama."

"Hatujambo."

"Natoka bustani ya Nakuru. Nimependa hicho kichaka chako."

"Hiki? Hiki ni takataka. Hata mbuzi wanakikataa."

"Vizuri. Kikikataliwa na mbuzi huwa kina maana."

"Kuna kingine kule mtoni, kikubwa, maua mpaka hapa."

"Nimekipita. Kile kimechoka."

"Chini ya hiki kuna nyoka."

"Mimi na nyoka tunajuana, mama."

Dereva wa gari, mtu mmoja mnene aliyeitwa Owuor, akasema kutoka kwenye usukani kwamba yeye na nyoka hawajuani na hataki kujulishwa.

"Basi kunyweni chai kwanza," Wariara akasema.

Wakanywa chai. Wariara akawaongezea. Akaeleza ubaya wa kichaka: kwamba kinanuka mvua ikinyesha, kwamba kinaleta nyuki, kwamba jirani mmoja alikigusa akavimba. Kadiri alivyoeleza ndivyo Hezekiah alivyozidi kukitazama. Alikuwa amezunguka nchi nzima akiulizia mimea, na alijua kwamba watu wakikutajia mmea mmoja kwa ubaya namna hiyo, huo ndio wenyewe. Akajisifu moyoni kwa jicho lake.

Sentensi moja ingetosha. Wariara alikuwa nayo mdomoni, ikagusa meno, akaimeza na chai. Alikuwa akimlinda mtoto.

Hezekiah akavua kofia, akachimba. Alichimba vizuri sana, siku hiyo alichimba kama hajawahi kuchimba. Kichaka kikatoka na udongo wake wote na kila kilichokuwa ndani ya udongo, maua hayakutingishika. Akamwachia Wariara pakiti ya majani ya chai, akamshukuru, gari likaondoka.

Jioni hiyo Wachuka alikataa kukaa isipokuwa ameelekea Nakuru. Bakuli la uji likawekwa mbele yake, nalo likasogea upande uleule. Wariara akalifunga pindo la gauni kwenye leso, mafundo matatu. Asubuhi gauni lilikuwako, mafundo yalikuwako, mtoto hayuko.

Alikutwa bustanini, ameketi kando ya kichaka, amevaa shati la mlinzi, anakula ugali na wafanyakazi. Kutoka Ndabibi mpaka Nakuru ni mbali hata kwa gari, lakini miguu yake haikuwa na vumbi. Wariara alikuja na lori la maziwa akamrudisha nyumbani. Kesho yake alikuwa kando ya kichaka. Akamrudisha tena, akamkuta tena huko. Mwenye lori la maziwa akazoea, akawa anamwachia Wariara nafasi mbele.

Ndipo mama alipokwenda kwa Hezekiah, akamkuta akichuja udongo wa kitalu, akamwambia chini ya kichaka kuna nini. Haikuwa siri tena.

Hezekiah akaweka kofia chini.

"Mama. Si ungeniambia?"

"Hapasemwi."

"Hata kwetu hapasemwi. Lakini si ungenikanyaga mguu? Si ungenimwagia chai?"

"Ningejua unaelewa kukanyagwa ningekukanyaga. Nilikuambia nyoka, ukasema mnajuana."

Owuor akacheka mpaka akaegemea gari. Hezekiah hakucheka. Alisema atakirudisha kichaka kwa mikono yake mwenyewe, na katika shimo lile lile. Akaenda kwa Bwana Majani kuomba ruhusa. Bwana Majani alielewa jambo lenyewe, hakulipinga, ila alitaka kwanza kichaka kitoe maua tena, akichore, akipe jina. Baada ya hapo wakirudishe tu.

Wakangoja. Wakati huo Wachuka alikaa kwa Chepkurui, katika nyumba za wafanyakazi, kitanda chake kikiwa dirishani ili akione kichaka. Kilipomwagiwa maji yeye hakusikia kiu. Kilipokatwa matawi, kucha zake zilipungua, Chepkurui akafurahi kwa kuokoa wembe. Wariara alikuja kila alipopata nafasi kwenye lori la maziwa, akamsuka nywele, akamwonya asikimbie, asiongee na watu wenye mabati, akarudi Ndabibi kukamua.

Kichaka kilipotoa maua, Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa. Malori ya serikali yakaja Ndabibi, na Wagikuyu wote wakaambiwa warudi rizavu kwao, kwenye ardhi waliyotengewa. Wariara alizaliwa Ndabibi, na mama yake alizikwa Ndabibi. Alimwambia afisa kwamba hawezi kurudi mahali ambapo hajawahi kutoka. Afisa akamwambia apande. Akamwambia ana mtoto Nakuru, yuko na kichaka chake. Afisa akasema mambo ya vichaka si idara yake, apande. Akapanda na karai.

Siku chache baadaye Hezekiah alikifunga kichaka kwa gunia, akampakia Wachuka nyuma kando yake, wakaenda Ndabibi. Nyumba zilikuwa zimebomolewa. Trekta lilikuwa linalima pale pale zilipokuwa, na katikati ya shamba lilikuwako lile shimo. Plau ilipita juu yake, ikatokea upande wa pili, na shimo likabaki duara vilevile, kingo zake mbichi kama limechimbwa asubuhi. Mwenye trekta alikuwa ameshachoka nalo, sasa alilizunguka.

Hezekiah akaomba apande kichaka katika shimo hilo. Mwenye shamba akamwuliza ni cha nani.

"Ni cha watu waliokuwa wanakaa hapa."

"Basi kifuate watu wake," mwenye shamba akasema. Akaagiza shimo lizungushiwe seng'enge, ng'ombe wasianguke.

Wakakirudisha kichaka Nakuru. Njia nzima Wachuka alikishikilia shina ili kisigongwe, wala hakulia. Aliuliza tu kama mama atajua pa kuja. Hezekiah akasema atajua. Owuor akakohoa.

Wariara alijua pa kuja. Hakuwa na pasi ya kusafiri. Walikuwa wamemweka katika kijiji kipya huko rizavu, nyumba zimebanana, handaki limezunguka na ndani yake miti iliyochongwa. Asubuhi wanawake walitolewa kwenda kuchimba handaki lizidi kwenda chini, na alasiri walirudishwa. Aliomba pasi ya kwenda kumwona mtoto, akanyimwa. Akaomba tena akaulizwa kwa nini anapenda sana Nakuru. Hapo akaacha kuomba, maana swali hilo liliwapeleka wengine kizuizini.

Masika yakapita, na mengine yakapita. Wachuka alipata meno ya mbele. Alijifunza kuhesabu kwa vibati vya majina, na Kilatini chake kikawa kizuri kuliko Kiswahili chake. Lakini ilipofika jioni, kiboko asiyekuwako akinguruma, alijikunja chini ya kichaka na majani ya kichaka yakajikunja pia. Bwana Majani aliandika kwamba mmea hauna furaha. Akashauri mbolea.

Chepkurui ndiye aliyesema. Walikuwa wanakula, na Hezekiah alikuwa anajisifia mti mkubwa wa Mau alioinua juzi, ndege wakabaki kwenye viota.

"Baba Zeddy," Chepkurui akasema, kwa sababu mtoto wao wa kwanza aliitwa Zeddy. "Wewe msitu mzima unauhamisha, haujui umehama?"

"Haujui."

"Na mama mmoja mwembamba anakushinda?"

Hezekiah akaacha kutafuna. Akaitazama tai yake iliyokuwa imening'inia msumarini.

Kesho yake aliomba ruhusa ya kwenda kukusanya mimea ya rizavu. Bwana Majani alifurahi, maana mimea ya kule alikuwa nayo michache. Akampa karatasi yenye muhuri: aruhusiwe kuchukua mmea wa aina yoyote, wa ukubwa wowote, pamoja na udongo wake. Hezekiah akachukua sepetu na magunia. Ndani ya bati la kijani hakuweka majani. Alichota udongo chini ya kichaka, ule wa Ndabibi, akalijaza.

Walifika kijijini alasiri, wanawake wakiwa wametoka handakini. Wariara alikuwa mlangoni kwake. Alikuwa amekonda na shingo imerefuka. Akaliona bati kwanza, mtu baadaye.

"Umekuja kunywa chai?" akauliza.

"Nimekuja kuchimba."

Wariara akamtazama, akaitazama tai, akalitazama sepetu.

"Safari hii," akasema, "nitakuonyesha mahali penyewe."

Akaingia ndani, akatoka na karai lenye mahindi, akaketi kwenye uwanja mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha.

"Keti vizuri, mama, unavyoketi ukiwa umepumzika. Utakaa hivyo sana."

"Hivi ndivyo ninavyopumzika. Lakini huu udongo sio wangu."

"Najua." Akafungua bati, akamwagia udongo wa Ndabibi miguuni, taratibu, akaupapasa kuzunguka visigino kama vile anavyofanya kwenye kitalu. Wakangoja. Baada ya muda vidole vya miguu ya Wariara vikajichimbia vyenyewe, na mabega yake yakashuka. Hezekiah akamwambia maneno fulani kwa Kinandi. Hakuyaelewa, akajibu ndiyo.

Homgadi, mgambo wa serikali aliyelinda lango, akaja wakati duara limeshafika magotini.

"Unachimba nini hapo?"

"Mmea." Akamwonyesha karatasi. Homgadi akaisoma, akautazama muhuri, akamtazama Wariara.

"Unaitwaje huu?"

"Jina bado. Jina hutolewa na Bwana."

"Ni wa dawa?"

"Kwa mtoto mmoja, ndiyo."

Homgadi akasema mama yake pia alitumia mizizi ya namna hiyo. Akaweka bunduki kando akawasaidia kuinua, kwa sababu ulikuwa mzito. Owuor alishika upande wa karai akilalamika kwamba kati ya mimea yote aliyobeba huu ndio wa kwanza kumwambia aangalie hatua.

Wakamfunga gunia mpaka kiunoni, wakamwekea kivuli cha turubai. Wanawake wengine wa kijiji walitoka kutazama. Wangare alikuwa kati yao. Alilitazama bati, akamtazama Wariara ndani ya gari, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kusema tangu zamani.

Kwenye kizuizi cha barabarani, juu ya bonde, askari alitaka pasi ya kila mtu. Owuor akatoa yake, Hezekiah akatoa yake.

"Na ya huyu mama?"

"Mimea haina pasi, boss. Ina karatasi." Hezekiah akaitoa.

Askari akaisoma karatasi, akazunguka nyuma ya gari, akainua turubai. Akabonyeza udongo kwa kidole kuona kama una unyevu.

"Na kwenye karai?"

"Mbegu."

Askari akafikiri. Amri alizopewa zilihusu watu, mimea haikutajwa. Akainua kizuizi. Gari likiwa limeanza kuondoka akawafuata mbio, akagonga bodi, akasema wasimwache kwenye upepo wa Gilgil, utamkausha. Wakamshukuru.

Walimpanda kesho yake, jua likiwa bado liko juu ya Menengai, kando ya kichaka, nusu kivuli. Wachuka alikuja akitembea, hakukimbia, maana alikuwa ameonywa asikimbie. Akaketi, akachukua hindi karaini, akaanza kupukuchua.

"Umechelewa," akasema.

"Barabara ni mbaya," mama akasema. Kisha akamfungua mikono akamkagua vidole kimoja kimoja, akaangalia masikio, akaangalia meno mapya, akauliza ni nani aliyemsuka hivi vibaya. Chepkurui, aliyekuwa amesimama karibu na kikombe cha chai, akasema ni yeye, na kama ana la kusema aseme. Wakacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika kwenye tuta. Haikudhuru kitu.

Bwana Majani alikuja asubuhi na miwani yake. Akazunguka, akapima, akachora. Akasema ni mmea mzuri sana, umesafiri vizuri, na kwamba hajawahi kuona wa aina hii ukichimbwa bila kuumia. Akampongeza Hezekiah kwa kumpa mkono. Kisha akaandika kibati: juu jina refu la Kilatini, katikati rizavu, chini jina lake mwenyewe. Hezekiah akamwomba abadilishe katikati, aandike Ndabibi. Bwana Majani akaeleza kwa upole kwamba mahali huandikwa pale mmea ulipochukuliwa, ndiyo kanuni. Hezekiah akarekebisha tai. Siku hiyo hakuenda kula.

Wariara alishika. Nyayo zake zilishuka ndani, na baada ya mvua za kwanza haingewezekana tena kumwinua bila kumjeruhi. Hakulalamikia hilo. Alilalamikia mtu wa maji, aliyemwagia asubuhi mapema maji ya baridi, na alilalamikia konokono. Jioni alisikiliza kiboko, akasema anafanana na wa kwao, na alikuwa wa kwao, maana Ndabibi na yale mafunjo ni ziwa moja. Hezekiah alikunywa chai naye kila alasiri, amekaa kwenye ndoo. Kazi yake ilikua, akapewa matuta yote, akapewa vijana wa kufundisha, na aliwafundisha kuchimba kwa duara. Lakini kila aliyemfundisha alimwambia kwanza aulize wenyewe, na wakianza kusifia kichaka cha mtoni, aweke sepetu chini aondoke.

Na kila usiku, kabla taa za nyumba za wafanyakazi hazijazimwa, Wachuka alikuja kulala, na mama akalifunga pindo la gauni lake kwenye leso, mafundo matatu. Msichana alikuwa mrefu sasa na hakuwa na pa kwenda. Aliliacha lifungwe.

Mwaka wa hamsini na tisa, watu wakiwa wanaambiwa Hali ya Hatari inakaribia kwisha, afisa mmoja kijana alifika bustanini. Akasimama mbele ya tuta, akavua kofia, akamwambia Wariara kwamba sasa ataruhusiwa kwenda popote anapotaka.

"Ndabibi?"

Hapo kijana akasema hapana. Ndabibi ina mwenyewe.

"Basi popote ni wapi?"

Akafikiri vizuri, alikuwa kijana mwenye adabu, akasema hapa, au rizavu. Wariara akamshukuru. Akamwambia apite upande wa mianzi akitoka, viatu vyake vina vumbi, ukungu utavisafisha.

Nyinyi wenye watoto, haya ndiyo ya kuepuka:

Usilisifu sana la jirani mgeni akiwa anatazama lako.

Usimpe mtu mwenye sepetu chai ya pili.

Usimeze neno ambalo limeshagusa meno. Kama halisemwi, mkanyage mguu.

Usichukue mmea na kumwachia mwenyewe majani ya chai.

Usimwagie Mama Wachuka maji ya baridi asubuhi. Ngoja jua lifike.

Usisome kibati chake kwa sauti akiwa anasikiliza.

Usiende Ndabibi kulitafuta shimo. Liko, duara vilevile, kingo mbichi. Seng'enge bado imelizunguka, na kila ikishika kutu inabadilishwa.